Mkokoteni Uliogoma Mlimani

Mniwie radhi mapema, wanangu. Hadithi hii inataka msimulizi mwenye meno yote, na langu moja lilibaki kwenye muwa. Nitaiharibu. Mkiona imepinda, inyoosheni wenyewe.

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na wake, majirani na shida ya unga, Kifaru, Nyumbu na Kindi walikuwa na mkokoteni mmoja wa kubeba mizigo ya watu. Nyumbu alileta magurudumu. Kifaru alileta mbao. Kindi alileta mdomo.

Nyumbu alivuta mbele kwa kamba, Kifaru alisukuma nyuma, na Kindi alikaa juu ya magunia akipiga kelele: "Njia, njia! Mzigo huo, mzee, chunga mguu!" Watoto wake wanne walikula kwa kelele hizo.

Tatizo ni kwamba wa mbele hakumwona wa nyuma. Magunia yalikuwa katikati.

"Mimi navuta viazi, na Kifaru namvuta," Nyumbu alilalamika. "Ameniegemea tu, kama mkwe aliyeshiba."

"Nyumbu huyo?" Kifaru akasema. "Anapunga upepo. Kila siku namsukuma mpaka sokoni, yeye na mkia wake."

Wakakata shauri: kesho, wakishafikisha viazi vya Bi Nungunungu, ushirika umekwisha.

"Nachukua magurudumu yangu."

"Nami mbao zangu."

"Na mimi?" Kindi akauliza.

"Wewe chukua kelele zako," wakajibu kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana mwezi ule.

Kindi akaenda nyumbani, akamkuta mkewe anakung'uta mfuko wa unga, pu, pu, pu. Hakukaa. Akatoka mbio hadi kwa Nyumbu.

"Kaka Nyumbu, kesho katikati ya mlima usivute. Guna tu. Mkokoteni ukisimama, watu wote watajua Kifaru hasukumi."

Nyumbu akacheka mpaka ndevu zikatikisika.

Kisha Kindi akaenda kwa Kifaru. "Bwana mkubwa, kesho mlimani usisukume. Guna tu. Tumuumbue yule wa mbele."

Kifaru akampa mkono.

Kesho yake, krii, krii, krii, wakapanda. Walipofika katikati, Kindi akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akarudi juu. "Haya, mlima huo!"

"Hiiiii," akaguna Nyumbu, kamba imelegea.

"Mmmmmh," akaguna Kifaru, amekunja nne.

Mkokoteni kimya.

"Unasukuma wewe?"

"Mpaka pembe inauma. Wewe unavuta?"

"Shingo inatoka hii. Hiiiii."

"Mmmmmh."

Kobe akatokea nyuma yao na kikapu chake. Akawapita. Halafu akasimama, na kwa vile yeye macho yake yako chini, aliona kila kitu.

"Poleni na kazi, jamani," akasema. "Ila kamba ya mbele imelala, na huyu wa nyuma amekunja nne. Sasa mnamgunia nani?"

Nyumbu akaona aibu. "Ngoja nikuonyeshe anayefanya kazi hapa," akamwambia Kifaru. Akavuta kweli, kwato zikachimba udongo. Gurudumu halikugeuka.

"Pisha," akasema Kifaru. Akasukuma kweli, mishipa ikamtoka. Gurudumu halikugeuka.

Wakachungulia pembeni mwa magunia, macho yakagongana.

"Kumbe siku zote ulikuwa unavuta," akasema Kifaru polepole.

"Na wewe ulikuwa unasukuma."

Wakashika pamoja. Krii. Krii. Krii.

Walipofika kileleni, Nyumbu akauliza, "Nani alikwambia usisukume?"

"Kindi. Na wewe?"

Wote wawili wakatazama juu. Kindi alikuwa amejifunika uso kwa mkia.

"Nilileta mdomo," akasema, "nikautumia."

"Na lile jiwe?"

"La kwangu pia. Sikutaka mzigo umrudie bwana mkubwa kifuani."

Kifaru akafikiri, akajishika kifua. "Basi kila mlima utashuka uweke jiwe. Na kelele uendelee nazo."

Viazi vya Bi Nungunungu vilifika, na hakuna aliyeulizia magurudumu wala mbao.

Basi, wanangu, kabla hujasema mwenzako hafanyi kazi, nenda kasimame kwanza upande wake wa mzigo.

Niliwaambia nitaiharibu. Aliyenisimulia mimi ni mke wangu, tunayekaanga naye mihogo pale kona, na kila alipofika penye kuguna, alinitazama mimi.