Unga Juu ya Injini ya Tulalumba

Mkono uliokosea ndio uijuao njia.

Mmemsikia mama yenu akimtupia maneno hayo fundi wa paa, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka kitabuni. Yalizaliwa hapa hapa Lihanga, nami nilikuwepo.

Mashine ya kusaga ilikuwa moja tu. Mkutano wa kijiji ulikuwa umemkabidhi ufunguo wake Tulalumba, mjane niliyeketi naye benchi moja katika darasa la ngumbaru. Siku moja alifungua mfuniko wa juu wa injini ili arekebishe valvu mwenyewe. Gasketi ya zamani, ile karatasi ngumu inayozuia mafuta yasivuje, ikachanika. Akakata nyingine kutoka jalada la daftari lake, akafunga, injini ikanguruma. Kufika adhuhuri, mafuta yalikuwa yakidondoka chini yake kama kamasi za mtoto.

Mwenyekiti wetu, mzee Ngole, akaleta fundi kutoka mjini, jina lake Mgimba. Fundi akainama, akagusa matone, akanusa kidole.

"Sili ya chini, ile mpira wa kuzuia mafuta, imekufa. Injini ing'olewe, iende mjini. Miezi miwili."

Wanawake waliobeba mahindi wakaguna. Miezi miwili ya kutwanga, tena wakati wa palizi!

"Mama, lete ufunguo," Ngole akasema. "Nilisema mimi. Mashine si chungu cha mboga."

Tulalumba akaufundika ufunguo kwenye pindo la khanga. "Na hicho chungu cha mboga, Mwenyekiti, umewahi kukipika?"

Watu wakaangua kicheko.

"Unambishia fundi mwenye cheti?"

"Cheti sikibishii. Yeye anaona mafuta yanapoangukia. Mimi najua mkono wangu ulipopita. Chini sikugusa, niligusa juu, na mafuta hayapandi mlima. Nipeni mpaka kengele ya shule ya jioni. Nikishindwa, ufunguo huu hapa."

Akaifuta injini yote kwa matambara ikakauka. Kisha akachota unga sakafuni, akainyunyizia mpaka ikawa nyeupe kama mwali aliyepakwa chokaa. Akaiwasha. Tukakodoa macho. Mstari mweusi ukachomoza kwenye ukingo wa mfuniko wa juu, ukateremka polepole katikati ya unga mpaka chini kabisa, pale pale fundi alipogusa.

"Nilikaza nati kwa kuzunguka, moja baada ya nyingine," Tulalumba akasema bila kuinamisha kichwa. "Upande mmoja wa mfuniko ukalala, wa pili ukanyanyuka."

Nikampa jalada la daftari langu la hesabu. Akakata gasketi mpya, akaifunga kama baba yake alivyowamba ngoma: kaza huku kidogo, vuka ng'ambo ukaze kule, rudi tena. Akanyunyiza unga mwingine, akawasha. Kengele ya shule ikalia. Unga ulikuwa mkavu.

Ngole akakohoa. "Hata hivyo, Mama, kosa lilikuwa lako."

"Langu kabisa! Lingekuwa la mtu mwingine, ningelijulia wapi? Mkono uliokosea ndio uijuao njia. Haya, pangeni foleni. Mwenyekiti, wewe wa mwisho."

Akapanga. Nilimwona kwa macho yangu, debe begani, nyuma ya wanawake wote.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkiharibu kitu msifiche mikono mgongoni, wala msikubali kunyang'anywa bisibisi. Mkono uliokosea ndio uijuao njia.