Udi wa Mahbuba na Jini wa Pete

Zamani alitawala katika mji wa Marashani Sultani Dhulfikari bin Hamud, na hewa ya mji ule ilikuwa na unyevu usio na adabu, chumvi ikayeyuka chunguni na viatu vikaota ukungu ndani ya kabati. Sultani alikuwa na mwana mmoja, Munadhiri, na jini la bahati mbaya likamghadhibikia kijana na kumlaza usingizi mzito, na kuapa kwamba hataamka ila kwa udi utakaopigwa bila sauti hata moja kupotoka. Na ikipotoka, atakufa papo hapo.

Basi akaitwa Mahbuba binti Sudi, mpiga udi wa nchi kavu ya milimani. Naye kabla ya safari alilegeza nyuzi, na kuuvika udi wake hariri, na kuulaza katika sanduku la mvule pamoja na kifuko cha makaa ya kunyonya maji, akateremka na msafara chini ya mvua. Kidoleni alivaa pete, na pete ile ilikuwa na mtumishi, jini Lahibu wa ukoo wa moto.

Alipoingia barazani Sultani akanena, "Ewe binti, fungua sanduku upige, maana pumzi za mwanangu zinapungua."

"Maulana, uishi dawamu," akajibu Mahbuba. "Mti wa udi huu umetoka penye ukavu. Ukikutana ghafla na hewa hii utavimba, na sauti itapotoka. Liache sanduku likae limefungwa humu mpaka kesho adhuhuri, mti uzoee."

"Mwanangu afe nikingojea ubao?" Na Sultani akachomoa jambia.

Mahbuba aliogopa, tena sana. Akaisugua pete, na Lahibu akatokea, kichwa kikigusa dari.

"Labeka, bibi! Niamuru nipulize, halitabaki tone la unyevu."

"Puliza upesi!" akapaza sauti Sultani.

"Ukipuliza, mti utapasuka," akasema Mahbuba, akalikumbatia sanduku. "Maulana, nikate shingo kwanza. Lakini jua kwamba utakuwa umemuua mwanao kwa kumpenda."

Sultani akalirudisha jambia alani. Mahbuba akamwamuru Lahibu akae kando ya sanduku apumue polepole kama mtu aliyelala, ili joto lake lizuie unyevu usiuingie mti kwa ghafla. Jini akanung'unika sana, yeye mbomoa milima kufanywa mlinzi wa sanduku, lakini akatii.

Kulipokucha midomo ya Munadhiri ilikuwa imegeuka rangi. Sultani alinyoosha mkono kwenye komeo la sanduku, akaurudisha, akaunyoosha tena. Adhuhuri ilipofika Mahbuba akafungua, akakaza nyuzi kidogo kidogo, akapiga. Haikupotoka hata sauti moja, na Munadhiri akafumbua macho.

"Usinyamaze," kijana akamwambia Mahbuba.

Sultani akalia mbele ya watu wote. "Nusura nimuue mimi mwenyewe," akasema.

Munadhiri na Mahbuba wakaozwa kwa shangwe, na Mahbuba akapewa mashamba na majumba, na Lahibu akaachwa huru. Nanyi mnaosoma, mtu mnayempenda akiwa hatarini, msimwokoe kwa pupa.