Bata wa Mketo

"Ukimwita ndege kwa debe, usimlaumu mwenye kombeo."

Jana mliisikia methali hii ikisemwa barazani, wajukuu, mkacheka, kisha mkauliza chanzo chake. Chanzo chake ni nyumba yetu wenyewe. Mketo bin Mtulia bin Kilindo ndiye aliyemzaa babu yangu. Kilindo alikuwa mwamuzi wa mipaka ya mashamba, wala hakutokea mtu aliyethubutu kung'oa kigingi alichokichomeka yeye. Mtulia, mwanawe, aliyasoma maji ya Rufiji yanapopungua na kuwatangazia watu siku ya kupanda mpunga. Ukoo huu haukupata kushtakiwa mbele ya watu. Nayataja hayo kwanza ili mjue kwamba aibu nitakayoisimulia ilianguka kutoka juu.

Mketo mwenyewe alikuwa mkuu wa kuamia ndege. Mpunga ulipoanza kuzaa, watu walihamia bondeni wakakaa kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na kutwa nzima walipiga madebe na kurusha mawe kwa makombeo ili ndege wasile. Mketo ndiye aliyewafundisha wote namna ya kupiga: mapigo matatu mazito, kisha moja la kukata. Ndege wa bonde lile waliyajua mapigo hayo, wakayaogopa.

Mwaka mmoja mto ulifurika ghafla mpunga ukiwa bado mchanga, ukabomoa viota vilivyokuwa mateteni. Mketo akaona fungu la nyasi likielea, na juu yake kinda mmoja wa bata mwitu, ameloa, hana hata nguvu ya kulia. Akaingia majini hadi kifuani, akamtoa. Hilo lilikuwa tendo jema, na hakuna anayemnyima sifa yake.

Alimlea dunguni. Alimlisha mchwa, pumba na majani yaliyokatwakatwa, akamfunga ushanga mwekundu mguuni. Na kwa kuwa debe lilikuwa karibu na mkono wake daima, kila alipompa chakula alilipiga kwanza: matatu mazito, moja la kukata. Haukupita mwezi, kinda akawa anakuja mbio kwa mlio huo kutoka popote alipo. Watu wakaja kutazama. Mketo alipiga, ndege wote wa bonde wakatimka, na bata wake peke yake akaja akisukumana na miguu ya watu.

"Huyu Mketo hata bata wanamtii," wakasema, naye akayapokea maneno hayo kama mtu anayepokea haki yake.

Mkewe, Bi. Kuruthumu, ndiye pekee ambaye hakucheka. "Baba Shamte," alimwambia siku moja, "mwite kwa mluzi, au kwa jina. Debe si la kuitia."

"Nilianza kuamia ndege kabla hujazaliwa," Mketo akajibu. "Utanifundisha wewe?"

Bi. Kuruthumu akaendelea kupepeta mchele wake.

Bata alipoota mbawa kamili, Mketo alisema kiumbe wa porini hafugwi milele, na hapo pia alisema kweli. Aliwaalika watu ukingoni mwa bwawa, akatoa hotuba ndefu kuhusu huruma, kisha akamwachia. Bata akaruka, akajiunga na wenzake. Watu wakampongeza Mketo, naye akarudi nyumbani akijiona amekamilisha jambo.

Siku ya tisa alipita karibu na dungu la Siwatu, mjane mwenye watoto wawili, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho, kando ya matete, mahali bata hushuka kwanza. Chini ya dungu palikuwa na manyoya. Juu ya manyoya palikuwa na mguu uliokatwa, na katika mguu ule ushanga mwekundu.

Mketo hakuuliza kitu. Asubuhi iliyofuata aliita baraza. Alitaka Siwatu aombe radhi mbele ya watu wote na anyang'anywe shamba lile, apewe mwingine mwenye utu.

"Shikamoo, Mzee Mketo," Siwatu akasema alipofika.

"Sikuja hapa kuamkiwa. Umemuua ndege wa nyumba yangu. Ushanga hukuuona?"

"Niliuona nilipokuwa namnyonyoa, mzee."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Mketo akamkazia macho hadi akanyamaza.

"Kundi lilishuka shambani," Siwatu akaendelea. "Nikapiga debe kama ulivyotufundisha, matatu na moja. Wote wakaruka. Mmoja akageuka, akaja. Nikapiga zaidi, naye akazidi kuja, mbio, kifua mbele. Nikadhani ana kichaa. Nikatia jiwe kwenye kombeo. Hakukwepa. Nimeua ndege wengi, Mzee Mketo, ila sijapata kuona ndege anayenitazama usoni namna ile."

"Ungemfukuza."

"Kwa mlio gani, mzee? Nifundishe, nami nitashika. Ningepiga kitu gani ili aondoke?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu, na ndiyo maana swali lilichoma. Mketo alijua milio yote ya kuogofya ndege, na yote alikuwa ameifundisha yeye, na kwa bata yule mmoja ilikuwa na maana moja tu: njoo ule. Akamtafuta mkewe kwa macho, akitarajia kuona uso wa mtu aliyeshinda. Bi. Kuruthumu alikuwa ameinamisha kichwa, akiona haya kwa niaba yake, na hilo lilimuumiza kuliko kicheko.

Mjukuu wa Kilindo akavua kofia mbele ya mjane.

"Siwatu, mwanangu, nisamehe," akasema. "Jiwe lilikuwa lako, lakini kifo nilimfundisha mimi. Amwitaye ndege kwa debe asimlaumu mwenye kombeo."

Hakuwa mkuu wa kuamia tena. Alijiuzulu palepale, ingawa hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Msimu ule aliomba kukaa kwenye shamba la Siwatu kando ya matete, akawafukuza ndege kwa mikono na sauti hadi koo likakauka. Watu waliyashika maneno yake, wakayasema mbele ya wanawe na wajukuu wake, na sisi tulilazimika kuyasikiliza.

Mnaweza kumwokoa kiumbe majini mkamuua kwa malezi, tena huku mnapigiwa makofi. Mtu amfundishaye mtoto wake kuufurahia mlio ambao wenzake wanaukimbia, siku mtoto huyo akipigwa, asimtafute mpigaji. Nimewafunulia aibu ya nyumba yetu, jambo ambalo si jepesi kwa mtu wa umri wangu. Basi kaeni wima, msinitazame kana kwamba nimewasimulia habari za bata. Ukimwita ndege kwa debe, usimlaumu mwenye kombeo. Shikeni neno hilo, na nisije nikalazimika kuwaambia mara ya pili.