Mwalimu Aliyezunguka Mlima

Mkono hufundwa na mkono. Wanangu, asubuhi ya leo mmemsikia muuguzi mkuu akiisema methali hii wodini, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Wengi hudhani ni ya mababu. Si ya mababu. Ilianza hivi, hapa hapa Rungwe, nami nilikuwepo.

Mwaka ule mvua za masika zilibomoa daraja. Chuo chetu cha uuguzi kilikuwa ng'ambo ya mto, nasi wanafunzi kumi na wanne tulikuwa huku hospitalini kwa mafunzo ya vitendo. Mwalimu wetu, Bi. Anyesile Mwakibinga, alibaki chuoni. Hakutaka tupoteze muhula. Kila siku saa nne alitufundisha kwa kishikwambi tulichokiegemeza kwenye birika la chai.

Somo lilikuwa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Unamfunika pua na mdomo kwa barakoa ndogo, unabinya mfuko wa hewa, kifua kinapanda. Vitoto vya plastiki vya kufanyia mazoezi vilikuwa vimefungiwa chuoni, basi tukashona vyetu vya vitenge, tukavijaza pamba. Cha Lusajo kilikuwa na hereni.

"Lusajo, huyo mwanao anakwenda harusini?" Mwalimu aliuliza. Tulicheka mpaka kishikwambi kikaanguka.

Tulibinya, naye akihesabu. "Binya, mbili, tatu. Binya, mbili, tatu." Alitutazama mmoja mmoja. Mkono wangu aliusifu kuliko yote.

"Tumpe, vizuri sana," alisema. Nikavimba kichwa wiki nzima.

Jumanne moja, mimi na Lusajo tukiwa zamu, Sekela, mke wa fundi baiskeli, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto hakulia. Mkunga wa zamu, Mama Ngwisa, alikuwa akihangaika na Sekela, kwani damu nyingi ilikuwa inamtoka.

"Tumpe, mpe mtoto hewa!"

Niliweka barakoa, nikabinya, nikahesabu kama nilivyofundishwa. Mtoto alizidi kulegea.

"Dada, mbona mwanangu kimya?" Sekela aliuliza.

"Kifua kinapanda?" Mama Ngwisa aliuliza bila kugeuka.

Nilitazama. Kitoto changu cha kitenge hakikuwa na kifua cha kupanda, kwa hiyo sikuwa nimezoea kutazama hapo.

"Hakipandi, mama."

"Lusajo, njoo ushike hapa, kandamiza, usiachie!" Mama Ngwisa alivua glovu za damu, akavaa nyingine, akaja. Aliufunika mkono wangu kwa mkono wake. Alikiinua kidevu cha mtoto kidogo tu, akavikaza vidole vyangu juu ya barakoa. "Hewa yote inatorokea shavuni, binti. Haya, binya."

Kifua kikapanda. Tukabinya pamoja, sijui kwa muda gani, mpaka mtoto akakohoa, akalia. Sekela naye akalia. Damu yake ilikuwa imeanza kupungua.

Kesho yake saa nne nilimweleza Mwalimu yote. Nilikuwa na uchungu, nikasema, "Lakini wewe ulisema vizuri sana."

Aliusogeza uso karibu na kamera.

"Niliona vizuri, mwanangu," alisema. "Shavuni sikuweza kugusa."

Siku iliyofuata hakukuwa na somo. Kishikwambi kilikaa kimya. Siku ya tatu tulimwona getini, matope yamemfika magotini. Kwa kuwa daraja halikuwepo, alikuwa ameuzunguka mlima kwa miguu, na mgongoni amefunga kwa khanga vitoto viwili vya plastiki, kama mama wa mapacha.

"Pole na safari, Mwalimu. Chai kwanza," Lusajo alimwambia.

"Chai baadaye. Nileteeni mikono."

Alituita mmoja mmoja, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa kila mtu. Kilikuwa baridi kwa mvua. Nilipofika mimi, alinishika kwa muda mrefu kuliko wote.

"Nilikusifu mapema," alisema. "Nisamehe. Mkono hufundwa na mkono."

Mwezi uliopita tulimzika. Kanisani walisoma vyeti vyake vyote, na ni vingi. Sikuvisikiliza. Nilikuwa nautazama mkono wangu huu, nikijaribu kukumbuka uzito wa kiganja chake.

Kwa hiyo msiniambie kwamba mmeshaona kwenye simu jinsi barakoa inavyoshikwa. Najua mmeona. Sogeeni hapa, kila mtu na zamu yake, mnipe mikono yenu. Mkono hufundwa na mkono.