Viganja Kwenye Boneti

Uonealo haya kulisema, rangi italisema.

Mmenisikia nikimwambia mwenzenu maneno hayo, mkacheka, mkauliza rangi ina mdomo gani wa kusemea. Haya, wekeni simu chini. Methali hii ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mshona nguo, wala hakuwa fundi rangi. Ilianzia uani kwake hapa hapa Muheza, na ilianza hivi.

Mhina alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi. Akipinda kanzu, huoni uzi ulipoingia wala ulipotokea. Marehemu baba yake alimwachia pikapu kuukuu ambayo zamani ilikuwa ya kijani, ila kufikia siku hizo hakuna aliyethubutu kuitaja rangi yake. Sasa binti yake wa pekee, Mwantumu, alikuwa ameposwa, na harusi ilibakiza wiki mbili. Waposaji walikuwa na haraka. Bwana harusi alihamishiwa kazi Mtwara, akataka aende na mkewe, kwa hiyo ndoa ifungwe kwanza, chuo cha uuguzi alichosoma Mwantumu na mtihani wake wa mwisho vitajulikana baadaye. Mhina akaapa kwamba mwanawe hatatoka nyumbani kwa gari la kuazima. Atatoka kwa gari la babu yake, jeupe pe, lililopakwa na baba yake mwenyewe.

"Kwani umewahi kupiga gari rangi wewe?" mkewe akamuuliza.

"Fundi ni fundi," akajibu.

Msimcheke upesi. Mhina alikuwa mdadisi, na mdadisi hujifunza. Alikwenda kwa fundi rangi wa karibu na stendi, akakaa kwenye ndoo asubuhi nzima akitazama na kuuliza, mpaka yule bwana akamchoka. Mwisho akampa bomba la kupulizia, kompresa, na wasia mmoja.

"Piga msasa mpaka bodi iwe laini. Kisha ifute kwa thina itakate. Ukishaifuta, asiguse mtu. Hata wewe mwenyewe usiguse."

Siku nne Mhina alisugua. Alistaajabu kukuta buluu chini ya kijani, na chini ya buluu kijivu, akawa anamwita Mwantumu aje aone. Mwantumu alikuja, akatazama, akasema, "Nzuri, baba," akarudi ndani. Mhina aliona kwamba mwanawe amepungukiwa na maneno tangu siku ya posa. Akataka kumuuliza ana nini. Akaona haya. Baba ataanzaje kumuuliza binti mambo ya ndoa?

Siku ya tano akafuta bodi kwa thina. Ilitakata, hata kijivumbi kimoja hakikuwapo. Siku hiyo hiyo ndugu na majirani walikuja kuchagua mchele wa harusi, na mkewe Mhina alikuwa amewakaangia vitumbua. Nanyi mnavijua vitumbua, mafuta yake hubaki mkononi hata ukishasahau kwamba ulikula.

Kwetu kitu kipya hakitazamwi kwa macho tu. Mtu hukigusa akakiombea kheri. Basi wakaja mmoja mmoja. "Mashallah!" na kiganja kwenye mlango. "Mungu akutilie baraka!" na kiganja kwenye boneti. Wa mwisho alikuwa Mzee Shekalage, mjomba wake Mhina, aliyemlea tangu utotoni. Naye akaweka kiganja chake chote katikati ya boneti, akalisomea gari dua ndefu, akaitikia amina mwenyewe.

Mhina alisimama pale na bomba mkononi. Neno "usiguse" lilifika kwenye meno likarudi. Atamwambiaje mjomba wake asiguse, tena yumo katika kuomba dua? Hakwenda hata kuchukua kitambaa afute, asije akaonekana anafuta baraka za wazee. Akajiambia moyoni, rangi si ipo? Itafunika.

Watu waliporudi kwenye mchele, akawasha kompresa na kuanza. Jamani, ilikuwa raha! Rangi ilitoka kama umande, na gari likawa jeupe mbele ya macho yake. Akarudi nyuma hatua tatu kulitazama, akafurahi mpaka akacheka peke yake.

Kisha rangi ikaanza kutembea.

Aliona mahali pamoja kwenye boneti pakifunguka, rangi ikijitenga pembeni na kijivu cha chini kikichungulia. Akadhani ni mdudu. Mara pakafunguka pa pili, pa tatu, na kwenye mlango vivyo hivyo. Akachuchumaa, akasogeza uso karibu. Upepo haukuwapo. Maji hayakuwapo. Mbona rangi inapakimbia hapa na kule inashika? Akapuliza tena juu yake, rangi ikakimbia tena. Akafuata ukingo wa lile doa kwa macho, taratibu, akaona kidole. Halafu kingine. Alipohesabu alipata vidole vinne tu, na pale cha mwisho kilipopaswa kuwapo palikuwa peupe safi.

Mji mzima, mtu ambaye kidole chake cha mwisho kilichukuliwa na mashine ya mkonge alikuwa mmoja.

"Kuna nini?" Mzee Shekalage akauliza nyuma yake. Wengine nao walikuwa wamekwisha kusogea, kila mmoja akitafuta kiganja chake na kukipata.

"Ni mafuta, mjomba. Rangi haishiki penye mafuta."

Mzee akautazama mkono wake, akautazama ule wa kwenye boneti. "Uliniona nikigusa?"

"Nilikuona."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Fundi aliniambia."

"Ukaniacha?"

"Niliona haya, mjomba. Nitakukataza vipi wewe?"

"Ungeniambia 'Mjomba, usiguse,' ningekasirika kidogo nikanywa chai," mzee akasema. "Sasa nimesemwa mbele ya watu wote, na gari limeharibika. Mhina mwanangu, uonealo haya kulisema, rangi italisema."

Watu wakacheka. Lakini Mwantumu, aliyekuwa mlangoni na ungo wa mchele, hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Baba. Siku ya posa mliniuliza, nikanyamaza, mkasema kunyamaza ni kuridhia. Simkatai yeye. Nakataa kuacha chuo. Umebaki mtihani mmoja, baba, miezi mitatu tu. Niliona haya kusema."

Mhina alimtazama mwanawe, akajua kwamba hili nalo alikuwa ameliona mapema, akalipita, akitumaini gari jeupe litalifunika. Iliuma. Akaweka bomba chini.

"Nimekusikia," akasema. "Nami nilipaswa kukuuliza."

Wazee walikwenda kwa wakwe. Maneno yalikuwapo, sitawaficha, ila bwana harusi mwenyewe aliuliza jambo moja tu: mbona hakuniambia? Harusi ikasogezwa mbele. Mhina akapiga msasa upya, akafuta upya, na safari hii kila aliyekaribia alipokelewa kwa pumzi moja: "Shikamoo usiguse!" Mzee Shekalage aliitikia marahaba mikono ikiwa nyuma.

Mtihani ulipokwisha, siku ya ndoa ikafika, na gari likasimama uani jeupe lote. Wanawake walitoka chumbani kwa bibi harusi kumwambia shehe kwamba ameulizwa, amenyamaza, basi yatosha.

"Haitoshi," Mhina akasema mbele ya wakwe, bila haya hata chembe. "Mrudieni, mumngoje ajibu."

Wakarudi. Ikapita kitambo kidogo, kisha sauti ya Mwantumu ikasikika mpaka uani: "Nimekubali!"

Bibi wawili wakashika midomo. Mhina akalia waziwazi, na mjomba wake akawageukia wakwe waliokuwa wameshangaa, akawaambia taratibu:

"Msistaajabu. Uonealo haya kulisema, rangi italisema."