Kiti cha Kijani cha Nyamizi

Hapo zamani, mjini Tabora, mwanamke aitwaye Nyamizi alimwambia mumewe, "Chai yako inapoa." Mumewe akajibu kwamba anakuja. Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida nyumbani mwao. Jioni homa ilimpanda Nyamizi, na wiki ile ile akazikwa.

Mume huyo alikuwa Mihayo, kiongozi wa bendi. Alikuwa amerudi kutoka vitani na saksafoni na santuri chache za muziki wa watu weusi wa Marekani. Akauchanganya muziki ule na ngoma za kwao, na mji ukaacha kucheza walsi, dansi ya Kizungu.

Lakini alikuwa na kasoro moja. Akishaanza kupuliza, alikuwa hasikii mwendo wa wimbo, alikimbia mbele ya wenzake. Kwa hiyo Nyamizi alikaa kando ya jukwaa, kwenye kiti cha kukunja alichokipaka rangi ya kijani mwenyewe. Akiinua kidole, bendi inapunguza mwendo. Akikishusha, inaongeza. Na wimbo wa kwanza ulikuwa wake: hakuna aliyeingia kucheza kabla Nyamizi hajainuka.

Baada ya arobaini bendi ilirudi ukumbini, Jumapili mchana. Mwenye ukumbi alisema wazi, "Pole kwa msiba, Bwana Mihayo. Ila leo watu wasipocheza, Jumapili ijayo naita bendi nyingine."

Kiti kilikuwa tupu. Mihayo akapuliza, akakimbia. Watu wakaegemea kuta. Hakuna aliyecheza.

Ndipo Faustini, mpiga gitaa, akavuka jukwaa na kuuziba mdomo mpana wa saksafoni kwa kiganja.

"Kaka, unakimbia."

"Toa mkono."

"Ukipunguza, nautoa."

Mihayo akapunguza. Hakuna aliyecheza.

Ndipo Kizito, mpiga ngoma, akauacha mdundo wa siku zote, akapiga ule ambao Nyamizi alizoea kuupiga kwa kisigino akiwa ameketi. Mabega yakaanza kutikisika. Hakuna aliyecheza.

Ndipo Bi Zuwena, muuza sambusa wa mlangoni, ambaye kwa miaka mingi hakuwa akisemeshana na Nyamizi, akaweka sinia chini, akaenda katikati ya ukumbi, akacheza peke yake.

"Mama, sambusa zinapoa," mtu akamtania.

"Zipoe. Njoo ucheze, au nyamaza."

Watu wakacheka. Kisha wakaingia, mmoja, wawili, mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Bendi ikabaki na ukumbi wake.

Likabaki suala la kiti, maana Mihayo bado alihitaji mtu wa kumsikilizia mwendo.

Faustini akasema, "Kazi ya kiti kile ni kumwambia mtu huyu ukweli. Nani mwingine alithubutu?"

"Wewe ulimzuia tu," akasema Kizito. "Njia nilimwonyesha mimi. Mimi ndiye ninayejua Nyamizi alikuwa anasikia nini."

"Na ukikaa pale, ngoma atapiga nani?"

"Kwani gitaa lako litajipiga?"

Bi Zuwena akasema, "Nyinyi mlipiga, watu wakabaki wamesimama. Nilicheza mimi, wakacheza."

"Lakini hukumpenda Nyamizi," Kizito akamwambia.

"Sikumpenda. Ila kila Jumapili nilikuwa namtazama yeye, si nyinyi. Kila kidole kilipopanda, nilijua kwa nini."

Mihayo aliwasikiliza wote watatu. Alikikunja kiti, akaenda nacho nyumbani.

Asubuhi yake alikirudisha ukumbini, akakikunjua pale pale kando ya jukwaa. Watatu wale walikuwa wamekwisha fika, wakingoja uamuzi wake. Alifumba macho, akaanza kupuliza, na kama kawaida yake, akakimbia.

Akasikia kiti kinalia, kama kinavyolia mtu anapokikalia. Akapunguza mwendo, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Je, wewe uliyesikia, nani alistahili kuwa kitini pale atakapoyafumbua?