Wapangaji wa Bi Mwantumu

Mkataa watoto hupangisha panya.

Leo asubuhi mmemsikia Mama Sikudhani akimwambia hivyo yule fundi cherehani wa kona, aliyewafukuza wanafunzi wake kwa sababu wanaongea mno, naye sasa amebaki peke yake na rundo la nguo za sikukuu. Mlicheka, na fundi mwenyewe akacheka, lakini nilipowauliza mnacheka nini, kila mmoja alimtazama mwenziwe. Haya, endeleeni kuchambua hizo mboga. Kazi ya mikono haizibi masikio. Neno hilo halikutoka mbali. Lilizaliwa hapa hapa Muheza, nami nitawaeleza lilivyozaliwa.

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Mwantumu Semhando. Marehemu mumewe alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na alimwachia nyumba nzuri kuliko zote za mtaa ule: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi mrefu katikati, na ua uliosakafiwa vizuri hata ungeweza kuanika mpunga bila mkeka. Watoto wake walikuwa wamekua na kutawanyika, huyu Moshi, yule Mombasa. Bi Mwantumu alibaki na chumba chake cha mbele, na vyumba vingine vyote vikawa vya kupangisha.

Lakini havikupangishika. Si kwamba watu hawakuja. Walikuja sana. Mtu akibisha hodi alikaribishwa vizuri, akapewa kigoda, akaulizwa habari za nyumbani na za safari, kisha likafuata swali: "Una watoto?" Akisema anao, Bi Mwantumu alisimama, akajifunga kanga yake upya, na karibu ile ikawa imekwisha.

"Watoto wanachora kuta," alikuwa akisema. "Wanapiga kelele, wanachezea maji. Nenda salama, mwanangu, Mungu atakufungulia kwingine."

Hakuwa mtu mbaya, hilo mlielewe. Msiba ukitokea mtaani, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika na sufuria zake. Ila alikuwa ameipaka nyumba rangi ya samawati ndani na nje, na kila asubuhi alipopita ukumbini akiitazama rangi ile alijisikia kama mtu aliyevaa nguo mpya. Aliona kuwa mtoto mmoja na kipande kimoja cha mkaa vingetosha kumharibia furaha hiyo.

Siku moja dalali wa mji, jina lake Ngoda, alimletea mtu na mkewe. Mume aliitwa Hemedi, fundi baiskeli; mke aliitwa Nuru. Nyumba waliyokuwa wamepanga ilitakiwa na mwenyewe, amwozeshe mwanawe humo, kwa hiyo walikuwa wakitafuta kwa kuzunguka. Ngoda alikuwa amewashauri njiani wawaache watoto kwa jirani, wakiulizwa wajibu kijanja, wakishaingia ndio wawalete mmoja mmoja. Nuru alikataa. Alisema hawezi kuwafundisha wanawe kuingia nyumbani kwao kama wezi. Akaja nao wote, wamekogeshwa na kupakwa mafuta mpaka wanang'aa: binti mkubwa Mwajabu amembeba kitinda mimba mgongoni, na nyuma yake wavulana watatu waliofuatana kwa kimo kama ngazi.

"Shikamoo, bibi!" wakasema kwa pamoja, na njiwa wote waliokuwa juu ya paa wakaruka.

"Marahaba," Bi Mwantumu akajibu, akishika sikio. Akamgeukia Hemedi. "Umesikia mwenyewe, baba. Hiyo ni salamu tu. Wakianza kucheza itakuwaje?"

"Mama, tumeuzunguka mji mzima," Hemedi akasema. "Hatuulizwi kama tuna kazi, wala kama tuna tabia njema. Tunaulizwa watoto, basi. Na masika hayo yanakuja."

"Pole sana. Lakini hapa watoto hawakai."

Nuru, ambaye tangu waingie hakuwa amesema neno ila salamu, akamtazama usoni. "Mama, uniwie radhi nikuulize. Wa kwako walizaliwa wakubwa?"

Ngoda akakohoa kikohozi cha uongo. Mwisho Bi Mwantumu akawatakia safari njema, akarudi ndani na kujitengenezea chai, lakini ikapoa kikombeni.

Haikuchukua muda Ngoda akaja tena, safari hii akitabasamu. Amempata mpangaji kama wa kuagiza. Alikuwa Bwana Mrisho, mfanyabiashara wa nafaka, mtu mkimya kama jiwe, hana mke wala mtoto, na muda mwingi yuko safarini Handeni. Bi Mwantumu alimpa chumba kikubwa cha nyuma siku hiyo hiyo. Bwana Mrisho akaleta kitanda kimoja na magunia ya mahindi yaliyofika darini, maana alikuwa akingoja bei ipande. Akafunga kufuli, akasafiri.

"Huyu ndiye mpangaji," Bi Mwantumu akawaambia majirani. "Yupo kama hayupo!"

Basi akakaa na ukimya wake. Mwanzo ulimpendeza. Baadaye aligundua kwamba ukimya wenyewe una kelele zake. Kwanza zilikuwa za kukwaruza kidogo nyuma ya mlango wa Bwana Mrisho. Halafu mbio darini, za kwenda na kurudi, kama kuna mtu anafanya mazoezi ya mpira huko juu. Asubuhi moja akakuta sabuni yake imeliwa, na kesho yake kanga yake ya harusi, aliyoitunza sandukuni miaka yote, imetobolewa kwenye maandishi, hata jina halisomeki.

Akaazima paka kwa jirani. Paka akaingia darini, akala panya akashiba, akalala, na alipoamka hakuonekana kuwa na haraka na waliobaki. Akatega sumu. Sumu ikaliwa na jogoo wa Mzee Kimweri, jirani wa upande wa kulia, na ugomvi uliofuata ulisikika mpaka stesheni. Mwenye kuogopa kelele za watoto akajikuta anapayuka uani kwake, mkono kiunoni, kwa sababu ya jogoo.

Bwana Mrisho aliporudi na kufungua chumba, magunia yake ya chini yalikuwa makapi matupu. Alisimama mlangoni, akatazama, na siku hiyo kwa mara ya kwanza akaongea sana.

"Mama, nyumba yako ina panya!"

"Panya umewaleta wewe na mahindi yako!"

"Mimi nilileta mahindi. Panya ni wa nyumba." Akapakia magunia yaliyosalia kwenye mkokoteni, akatoka bila kuaga. Yeye aliondoka, panya wakabaki. Na kwa kuwa mahindi hayapo tena, wakahamia jikoni kwa Bi Mwantumu.

Sasa mwoneni Bi Mwantumu akienda sokoni kutafuta sumu nyingine. Mvua ilikuwa imeanza, na njia ilikuwa tope. Karibu na mashine ya kusaga unga palikuwa na kibanda cha mabati cha fundi baiskeli. Akajikinga mvua kwenye upenu wake huku akimwuliza mwenye duka la pembeni kama ana sumu kali. Kabla mwenye duka hajajibu, sauti ikatoka kibandani.

"Bibi, sumu ya nini? Panya wa mashine tumewamaliza sisi, bila sumu."

Bi Mwantumu akageuka. Ndani ya kibanda, baina ya magurudumu na mafuta ya mnyororo, palikuwa na mkeka umetandikwa juu ya matofali ili usilowe, na juu ya mkeka wamekaa watoto wanakula mihogo. Bati lilikuwa linavuja pembeni, na mvulana mmoja alikuwa amelitegea kopo.

"Nyie si ndio wale..." Bi Mwantumu akaanza.

"Ndio sisi uliotukataa," Mwajabu akasema, bila kinyongo, kama anayemkumbusha mtu jina.

"Mwajabu!" Nuru akainuka kutoka kwenye jiko lake la mkaa. "Adabu! Karibu, mama. Pole na mvua."

Bi Mwantumu alitazama bati linalovuja, akatazama mkeka. Alikumbuka chumba cha nyuma, kile cha tatu, na kile cha pembeni ya bafu, vyote vikavu, vyote vimefungwa. Uso ukamwasha. Angependa kuondoka, lakini mvua ilikuwa imezidi, na mtu hawezi kukimbia aibu akiwa amevaa ndala kwenye tope.

"Nyumba yangu imeingiliwa," akasema mwishowe. "Hata kulala silali."

Nuru angeweza kusema mengi, na kwa haki. Badala yake akawageukia wanawe. "Mvua ikikatika nendeni mkamsaidie bibi. Na miguu mfute kabla ya kuingia."

Ilikatika mchana. Ee, wajukuu zangu, nyumba ile haijawahi kuona siku kama ile! Mwajabu ndiye alikuwa jemadari. Aliwatuma wadogo zake kuzunguka nyumba nzima na kuziba kila tundu kwa mawe na vigae, wakaacha moja tu, la mlango wa uani, na hapo akategesha gunia lenye mdomo wazi. Kisha akaomba pilipili kavu, akaitia kwenye makaa chumbani kwa Bwana Mrisho, akafunga mlango kwa haraka. Wavulana wakapanda darini na masufuria.

"Pigeni!" akaita.

Wakapiga. Mlio ule ulikuwa kama harusi tatu katika ukumbi mmoja. Panya wakatoka: wakubwa, wadogo, wenye mikia mirefu na wasio na mikia, wakipiga chafya kwa pilipili, wakapita ukumbini kama wanawahi gari moshi. Mmoja alipita juu ya mguu wa Bi Mwantumu, naye akaruka juu ya kigoda, kanga mkononi, akipiga ukelele. "Yule pale! Yule mnene! Huyo ndiye aliyekula sabuni yangu!" Mzee Kimweri, ambaye walikuwa hawasemeshani tangu jogoo afe, akaja na fimbo na kujiunga bila kuulizwa. Gunia likajaa, likafungwa, likapelekwa mbali.

Moshi ulipotulia, Bi Mwantumu alikuwa bado juu ya kigoda, machozi yanamtoka. Watoto wakadhani analia. Alikuwa anacheka, cheko lile la mtu aliyesahau kwamba anaweza kucheka, mpaka akashika mbavu. Nuru alipofika kuwachukua wanawe alimkuta hivyo, amezungukwa nao, na kuta za samawati zimejaa masizi na alama za viganja toka mlango wa mbele mpaka wa uani.

"Yallah! Mama, ukuta wako!" Nuru akasema. "Nitakuja kesho niufute."

"Acha ukuta. Kaa." Bi Mwantumu akashuka, akamsogezea kigoda kile kile. "Siku ile uliniuliza swali, nami sikukujibu. Wangu hawakuzaliwa wakubwa. Yule wa Moshi aliniangushia kabati la vyombo. Yule wa Mombasa alichimba kisima katikati ya uwanja, akakosa maji, akaniacha na shimo. Nilikuwa nimesahau, au nilitaka kusahau. Nakuomba mhamie hapa. Leo, kabla mvua haijarudi."

Nuru akaketi. "Mama, nisikudanganye. Watapiga kelele. Watachora. Huyu wa mgongoni usiku analia meno. Ukiwachukua, uwachukue na kelele zao, si leo uwachukue kwa sababu ya panya na kesho uwafukuze kwa sababu ya mkaa."

"Mwanangu," akasema Bi Mwantumu, "kelele za watoto zina majina. Nikichoka nitaita, 'Mwajabu, nyamaza!' Panya nitamwita nani?"

Wakacheka wote wawili, na jioni ile Hemedi akaleta mkokoteni wake.

Sitawadanganya kwamba tangu hapo mambo yalikuwa shwari. Kuta zilichorwa kweli. Siku moja ulichorwa ng'ombe mwenye miguu mingi kupita kiasi, Bi Mwantumu akagomba kutwa. Ndoo zilimwagwa, kopo la chai likapotea na kukutwa mchungwani. Lakini darini hakukukwaruzwa tena, na mama yule aliyekuwa akila peke yake chumbani alianza kula uani, kwenye sinia, akinyang'anyana matandu ya wali na watoto. Vyumba vingine vikapata watu: mwalimu na mapacha wake, kisha mjane mwenye mabinti wawili aliyekuwa amefukuzwa milango mingi kuliko anayoweza kuikumbuka.

Kikabaki chumba kimoja. Ngoda, dalali yule yule, akaja mbio na habari njema. "Mama, nimekupatia mtu! Hana mke, hana mtoto, hana hata redio. Ila ana sharti dogo. Anasema hawezi kukaa nyumba yenye watoto. Nimemwambia wewe unamwelewa, utawahamisha hawa taratibu."

Bi Mwantumu alikuwa ameketi ukumbini, mtoto wa Nuru amelala mapajani, mjukuu asiye wa damu. Hakuinua hata sauti, asije akamwamsha.

"Ngoda, mwambie chumba kipo, na akitaka kukaa na hawa watoto, karibu sana, nitampikia na uji. Asipotaka, aendelee na safari yake. Mimi nimeshajifunza. Mkataa watoto hupangisha panya."

Ngoda alicheka mpaka akaegemea mlango. Na mnajua dalali: kazi yake ni kuingia nyumba hii na kutoka nyumba ile, na mdomo wake hauna kufuli. Kila mwenye nyumba aliyemwambia, "Niletee mpangaji, lakini asiwe na watoto," Ngoda alimjibu kwa neno lile la Bi Mwantumu, kisha akamsimulia habari ya jogoo na pilipili. Wengine walinuna. Wengi walicheka, na aliyekwisha kucheka huona haya kufunga mlango. Kutoka kwenye nyumba neno likaingia sokoni, likatoka sokoni likaingia mashambani, likaanza kutumiwa hata pasipo na nyumba wala panya, kama mlivyolisikia kwa fundi cherehani: mtu anapokimbia usumbufu mdogo wenye heri ndani yake, akaishia na usumbufu mkubwa usio na heri yoyote.

Kwa hiyo kesho mkimwona fundi amewarudisha wanafunzi wake, na duka lote linapiga gumzo, msimcheke. Mwambieni hongera. Amekumbuka kwamba mkataa watoto hupangisha panya.